Shairi la Kwenda na Kurudi

Ukitaka kumkera Aneth, mwambie shairi lake ni zuri. Atakuuliza umelisoma kutoka wapi kwenda wapi. Ukisema umelisoma kutoka juu kwenda chini, basi, umekwisha. Atakurudishia karatasi na kukuambia bado hujalisoma.

Ana miaka arobaini na moja na duka la steshenari karibu na stendi ya Kasulu. Anatoa kopi, anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu, na anaingizia watu nyimbo na filamu kwenye flashi na memori kadi. Mimi ni mpangaji wake. Nafundisha historia sekondari, kwetu ni Muheza, Tanga, na mwajiri alinileta huku miaka mitatu iliyopita bila kuniuliza kama napenda baridi. Kiha ninachokijua mpaka leo ni "mwakeye", salamu ya asubuhi, ambayo nimekuwa nikiitoa hata saa kumi jioni, na watu wa mtaani wananiitikia kwa adabu zote kisha wanaenda kucheka mbele kidogo.

Mashairi yalimwanza kwa sababu ya Aksanti. Aksanti ni kijana wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, anayekuja mjini kwa kibali kuuza spika ndogo na waya za chaja. Siku moja alileta flashi imejaa dokumentari, akaichomeka mwenyewe kwenye kompyuta ya Aneth. "Dada, angalia hii," alisema. "Iko mu Kifaransa, lakini muziki inasikika tu." Ilikuwa habari ya bendi ya zamani, wazee waliovaa suti wakisimulia walivyorekodi. Mwishoni mwa filamu mtengenezaji alizirudisha picha kinyumenyume. Wanamuziki wakaonekana wakiacha vipaza sauti, wakipiga hatua za nyuma mpaka mlangoni, wakitoka nje, wakiingia kwenye gari, gari likirudi nyuma na kupotea barabarani. Aneth akaitazama sehemu hiyo mara nne, huku mteja wa kopi za vyeti akisubiri.

Kesho yake akafungua nyingine, ya historia, inayohusu reli na mashamba ya mkonge. Ndani yake kulikuwa na wanaume wa huku Kigoma, wamepanga mstari, kila mmoja na namba shingoni, wanapanda treni. Manamba, ndivyo walivyoitwa. Aneth akasema alipowaona tu wanapanda, akili yake iliwarudisha yenyewe. Aliwaona wakishuka kinyumenyume, namba zinatoka shingoni, wanapita njia ile ile mpaka kwa wake zao. Alinigongea mlango akiwa hajavaa hata viatu. Nilikuwa nasahihisha madaftari, na nilikuwa na hasira zangu za kidato cha pili, lakini nilisikiliza, kwa sababu mtu mzima akikufikia na macho yale huna budi kusikiliza.

Alichokitaka ni hiki. Shairi linaloshuka mstari kwa mstari mpaka katikati, halafu linapanda kwa mistari ile ile, neno lisibadilike hata moja, ila mstari wa mwisho unasomwa kwanza na wa kwanza unasomwa mwisho. Kushuka liseme jambo moja, kupanda liseme jingine. Mstari wa katikati pekee unasomwa mara moja, maana hapo ndipo mtu anapogeukia. Nikamwambia hilo haliwezekani. Ndani ya wiki alikuwa ameandika matatu, nyuma ya kopi zilizoharibika.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Kuna Benita, binti wa jirani, aliyeagiza kadi za harusi mia na hamsini. Aneth, kwa furaha ya fundi mwenye chombo kipya, akamwekea shairi ndani bila malipo. Nyumbani kwao pana watu wengi, Benita analia kidogo, mawifi wanapiga vigelegele, nyumba ya mume ina mlango mpya. Zuri kabisa. Bahati mbaya shangazi wa bwana harusi alikuwa amesikia kwamba mashairi ya Aneth yanasomwa kutoka chini pia, akajaribu. Nyumba ya mume ina mlango mpya, mawifi wanapiga vigelegele, Benita analia kidogo, nyumbani kwao pana watu wengi: bibi harusi ameshaachika. Kadi zote mia na hamsini zilirudi dukani siku hiyo hiyo. Aneth alichapa nyingine kwa karatasi yake mwenyewe, akaomba radhi kwa familia mbili, na usiku ule ule akaniambia kwa siri kwamba shangazi ndiye msomaji wake bora kuliko wote aliowahi kuwapata.

Lakini hayo yote yalikuwa mazoezi. Shairi alilokuwa analitafuta ni la babu yake.

Babu yake, mzee Harerimana, anaishi Kibondo, nje kidogo ya mji, nyumba moja na mama yake Aneth. Aliondoka mwaka hamsini na tisa kwenda kwenye mkonge Tanga, akiwa kijana na mkewe ana mimba. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Alirudi baada ya miaka kumi na tisa. Mimba aliyoiacha ilikuwa imeshazaliwa, imekua, imeposwa, na ndiyo huyo mama yake Aneth. Mke alimpokea, akampikia, wakaishi mpaka mauti yakawatenganisha. Binti hakumpokea. Mama Aneth ni mwanamke mwenye huruma hata kwa kuku wa jirani. Yeye ndiye anayemlisha baba yake, anamfulia, anampeleka hospitali akiumwa kifua. Ila hajawahi kumwita baba. Akiwa na wageni anasema "mzee wetu." Akiwa peke yake naye hamwiti chochote. Anaweka sahani mezani na kugonga kifuniko ili ajue chakula kipo.

Mzee anaelekea miaka themanini na mitano. Aneth alitaka mama yake aseme neno hilo moja kabla ya mzee kuondoka safari hii isiyo na treni. Alijua hamwezi mama yake kwa maneno ya kawaida, maana wajomba, katekista na hata mwenyekiti wa kijiji walishajaribu wakachoka. Akaamini kwamba shairi litaweza. Nusu ya kwanza impe mama haki yake, iseme wazi kwamba mtu aliondoka. Nusu ya pili imlete mtu huyo nyumbani kwa maneno yale yale ambayo mama ameshayakubali. Niliona ni mtego, na nilimwambia. Akajibu kwamba mtego wa kumkamata mama yako amsamehe baba yake si dhambi.

Basi ikawa kazi. Kila Jumapili yeye Kibondo, na barabara ikiwa lami sasa hakuwa na kisingizio. Anakaa na babu uani, simu inarekodi, anamuuliza maswali aliyoyatoa kwenye dokumentari. Namba yako ilikuwa ngapi? Mlikata mafungu mangapi kwa siku? Nyapara alikuwa mkali? Akirudi ananigeukia mimi, maana nimekulia katikati ya mkonge. Una rangi gani asubuhi? Singa, zile nyuzi zake, zikianikwa zinafananaje? Nilimwambia kwamba mkonge ukikamuliwa unanuka, na harufu ile haitoki kwenye nguo hata ufue mara tatu. Akaiandika, akaifuta, akasema ni nzuri ila haigeuki. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake wakati ule. Anaonja kila kitu, chai, habari, tangazo la mnada, kama kinageuka au hakigeuki.

Kwa miezi miwili mistari minane ilikaa sawa kabisa. Wa tisa, ule wa katikati, ulimshinda. Aliandika "Miaka ikapita", akaukodolea macho, hakuupenda, hakupata mwingine.

Redio moja ya hapa mjini ikatangaza siku ya mashairi ya historia ya kwetu, kwenye ukumbi, Jumamosi mchana, zawadi ya kwanza paneli ya sola. Aneth hakuisikia hata hiyo paneli. Alisikia ukumbi, vipaza sauti, viti. Alitumia wiki nzima kupanga namna ya kuwaleta Kasulu watu wawili wanaoishi nyumba moja bila kujua kwamba wote wanaletwa. Babu aliambiwa anakwenda kupimwa macho. Mama aliambiwa kuna vitenge vimeshuka bei Manyovu na rafiki wa Aneth atavileta mpaka ukumbini. Kwa uongo ule peke yake angestahili paneli.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Babu tulimketisha safu ya tatu, mimi kando yake, na fimbo yake katikati ya magoti. Mama Aneth alikaa upande wa pili, karibu na ukuta, akatuona, akaelewa, akamtazama binti yake kwa jicho ambalo kila aliyelelewa na mama wa Kiafrika analijua. Mshereheshaji alikuwa Saady, mtangazaji wa redio ile, kijana mcheshi, mashati yake yanaonekana kabla yake. Aneth alimweleza mara mbili kwamba shairi lina kwenda na kurudi. Saady akamwambia, usijali dada, nimekupata. Hakuwa amempata.

Aneth akapanda. Hakushika karatasi. Alianza taratibu, kwa sauti ile anayomwelekezea mteja mahali pa kusaini.

Kuna mtu mlangoni.
Mtoto hajui uso wake.
Mke hasemi neno.
Njia ya Kigoma ina vumbi.
Treni imelia mara mbili.
Tabora wameshuka watu, wamepanda watu.
Hakuna anayemwita kwa jina.
Mkonge umejaa hadi macho yanapoishia.
Miaka ikapita.

Nakuapia, ukumbi ulisikia vumbi. Nimefundisha manamba mara tisa darasani, kwa ramani na kwa takwimu, na sijawahi kuona watu wakinyamaza namna ile. Nilimwonea wivu na nikamwonea fahari kwa wakati mmoja. Yeye akainua kichwa, akavuta pumzi ili ageuke.

Sasa, sisi Watanzania hatuwezi kumwona mtu kainua kichwa jukwaani tukamwacha. Saady aliruka na kipaza sauti chake, akatangaza makofi ya kilo, akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, na ukumbi mzima ukamfuata, paa, paa, paa. Halafu kilo ya pili. Halafu wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele. Aneth anatikisa mkono kwamba bado, watu wanadhani anapunga, wanaongeza. Akamsogelea Saady amweleze. Saady, huku anatabasamu, akamwonyesha saa na kumwita mshiriki anayefuata, mwalimu mmoja kutoka Munanila.

Niligeuka kumtazama Mama Aneth. Alikuwa anapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, machozi yanamtoka, uso umemfunguka kama mtu aliyeshinda kesi. Mtu aliondoka, mke hakusema neno, miaka ikapita. Ukumbi mzima wa Kasulu ulikuwa umemshuhudia kwamba ni kweli. Alikuwa amepata nusu yake, na nusu ile ilimtosha. Alichukua mkoba wake, akasimama, akaanza kuelekea mlangoni. Miezi miwili ya kazi, na Aneth kafanikiwa kuukaza moyo wa mama yake zaidi ya ulivyokuwa.

Hapo ndipo mzee aliposimama. Nilijaribu kumshika nikidhani anataka kwenda chooni. Akaniondoa mkono, akatembea na fimbo yake mpaka jukwaani, polepole mno, na kwa kuwa hakuna kijana wa huku atakayemwacha mzee wa umri ule asimame bila kusikilizwa, mwalimu wa Munanila akapisha na Saady akamshikia kipaza sauti na kumpa shikamoo.

"Marahaba," mzee alisema. "Huyu mtoto hajamaliza. Amenifikisha kwenye mkonge akaniacha huko. Mimi nilirudi."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akamgeukia Aneth, akamwambia kwamba mengine yote yako sawa, ila pale katikati amekosea. Miaka haikupita tu hivi hivi. Akasimulia, kwa Kiswahili chake cha kambi za mkonge kilichochanganyika na Kiha. Mkataba wa kwanza ulipokwisha alipanda treni kurudi. Alikuwa na sanduku. Ndani yake kulikuwa na khanga ya mke, na shati dogo jeupe ambalo angeweza kulivaa mtoto wa kike au wa kiume, kwa sababu hakujua amezaliwa nani. Tabora usingizi ukamchukua, alipoamka sanduku halipo. Akashuka Kigoma, akatembea siku tatu, mpaka mji huu huu.

"Nilifika hapa Kasulu," alisema. "Nikageuka. Sikuweza kumwona mtoto wangu mara ya kwanza nina mikono mitupu. Nikasema nitarudi na sanduku jingine. Ikawa hivyo hivyo, mwaka hadi mwaka."

Aneth alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, kafunika mdomo kwa mikono miwili. Baadaye aliniambia alichokuwa anakiwaza, na nikitaka kumcheka nakumbuka na mimi ni mwalimu wa historia. Jumapili zote zile, namba, mafungu, nyapara, treni ya kwenda. Hakuwahi kumuuliza kama alishajaribu kurudi. Dokumentari haikuwa na swali hilo.

Mzee akashika fimbo kwa mikono miwili, na bila mtu kumfundisha wala kumwonyesha karatasi, akaanza kupanda. Alikuwa ameyasikia maneno yale mara moja tu, lakini njia ilikuwa yake. Nilifika Kasulu, nikageuka. Mkonge umejaa hadi macho yanapoishia. Hakuna anayemwita kwa jina. Tabora wameshuka watu, wamepanda watu. Sasa Tabora ile ilikuwa na sanduku ndani yake, na treni iliyolia mara mbili ilikuwa ya kurudi. Njia ya Kigoma ina vumbi. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta makamasi. Mke hasemi neno, mzee akasema, na hapo sauti yake ilishuka, maana mke yule yuko kaburini. Mtoto hajui uso wake.

Akanyamaza. Nilidhani amesahau mstari uliobaki. Saady, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakujua la kufanya na kipaza sauti. Kisha nikaona mzee anatazama nini. Mwisho wa ukumbi, pale mwanga wa nje unapoingilia, Mama Aneth alikuwa amesimama na mkoba wake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mgongo ametupa sisi. Alikuwa amesimama hapo tangu liliposemwa lile shati.

"Kuna mtu mlangoni," mzee alisema.

Mama Aneth aligeuka. Alikuwa na miaka sitini na mitano, na uso ule niliuona ni wa mtoto mdogo kabisa.

"Ni mimi, baba," alisema, akarudi ndani kumshika mkono ashuke jukwaani.